Nyumba ya Kavinya

Jumamosi hiyo Muinde aliamka saa tatu, akanywa chai na mahamri mawili, akavaa kofia ya mjengo ambayo hajawahi kuitolea jasho, akaendesha Probox yake kutoka Voi hadi Marungu kwenda kumdanganya dadake. Siku ya kawaida tu. Kudanganya ndiyo ilikuwa kazi yake ya pekee, na hata hiyo aliifanya kivivu.

Mjue kwanza huyo dada. Kavinya yuko Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, anaosha wazee wasio wake, anawageuza kitandani, anawalisha uji kwa kijiko mpaka mgongo wake mwenyewe umekuwa wa kizee. Kila alichobana alimtumia Muinde: kwanza pesa za ploti, halafu pesa za kujenga. Alitaka vyumba vitatu na choo cha ndani, arudi apumzike. Hakuomba ghorofa, jamani.

Na bwana mkubwa akafanya nini? Alinunua kichaka nyuma ya Marungu kwa laki mbili na nusu, zilizobaki akafungua baa, akainywa mwenyewe mpaka ikafungwa. Dadake akiuliza, anaambiwa kibali hakijatoka. Mara mvua. Mara simiti imepanda bei. Miaka miwili hivyo, na haoni haya.

Kichaka chenyewe kilikuwa cha bei rahisi, na sababu ilikuwepo. Mwisho wa ploti kuna jabali, na ndani ya jabali kuna pango dogo, na humo wamepangwa wazee kumi na mmoja. Vichwa vyao, yaani. Wadawida wa zamani, yaani Wataita, walikuwa wakimzika mzee, baada ya muda wanafukua kichwa chake na kukiweka pangoni pamoja na wa ukoo wake, wawe wanakwenda kumweleza shida zao. Sylus, aliyeuza kwa kubanwa na karo, alisema wazi: "Ardhi nakuuzia. Hawa wanabaki. Na usiseme uongo mbele yao, kaka, wanasikia." Muinde alicheka mpaka akakohoa.

Sasa Kavinya alikuwa amechoka kungoja. Alitaka kuona kwa macho yake, kwa video. Muinde akasimama na mgongo wake kwa pango, penye kivuli, akapiga.

"Naona miti tu," Kavinya alisema. "Mafundi wako wapi?"

"Wako hapa nyuma yangu, dada. Kumi na mmoja. Wamekaa wananisubiri niwape kazi."

"Si uwape basi?"

Muinde akageuka nusu, akapiga makofi kama anayefukuza kuku. "Haya wazee, kazi ni yenu! Anzeni!" Akacheka. Alijiona mjanja sana, pumbavu yule. Alirudi Voi akala nyama.

Jumatatu ujumbe wa sauti ukaingia, Kavinya analia kwa furaha. "Nimeona msingi, Muinde. Mungu akubariki."

Msingi gani? Alifungua simu. Picha ilikuwa imetumwa kwa dadake kutoka namba yake mwenyewe, saa saba mchana wa Jumapili, wakati yeye alikuwa amelala na simu iko chini ya mto. Ilionyesha mitaro iliyochimbwa sawasawa, mawe yamepangwa, na jabali la Marungu nyuma yake.

Mtu mwenye akili angeogopa. Muinde alifurahi. Alidhani kuna mhuni kaingilia simu yake anamfanyia mzaha, na mzaha wenyewe unamfaa. Jumatano zikaja kuta. Ijumaa, madirisha. Dadake akaacha kuuliza maswali, yeye akaacha hata kutunga majibu.

Picha ya tano ndiyo iliyomkosesha usingizi. Nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nyuma yake jabali lilionekana vizuri, na pango pia. Pango lilikuwa tupu.

Alikwenda Marungu jua likiwa utosini. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na mtaro, ni kichaka kile kile. Akainama pangoni. Wazee wote kumi na mmoja walikuwa wamepangwa mahali pao. Akagusa wa kwanza. Kwenye paji la uso kulikuwa na simiti. Ilikuwa bado mbichi.

Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye shamba la jirani na jembe lake. Tryphena, ndivyo wanavyomwita. Alimsogelea bila haraka.

"Baba, umewapa kazi hawa?" alinong'ona.

"Ni mzaha tu, mama."

"Hawajui mzaha. Umetaja nyumba ya nani?"

"Ya dadangu."

Tryphena alimtazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyoharibika. "Basi mpigie. Hapa hapa, wakisikia. Mwambie ukweli wote. Kazi ikijulikana haipo, watakaa. Usipofanya hivyo watajenga, na fundi lazima awe na mtu wa mkono, wa kumbebea maji na karai." Akaenda zake, na hakugeuka nyuma.

Haya. Alikuwa na njia, na njia yenyewe ilikuwa sentensi moja. Muinde akapiga simu. Kavinya akashika mara moja.

"Dada, kuna jambo..."

"Ngoja nianze mimi! Nimeacha kazi, Muinde. Nakuja wiki ijayo. Na leo nimekutumia laki nne za mabati. Zimeingia?"

Simu ikatoa mlio sikioni mwake. Zilikuwa zimeingia.

Hapo ndipo ungemjua mtu yule ni wa aina gani. Woga wote ule, simiti mbichi kidoleni, na bado moyo wake ukahesabu laki nne.

"Zimeingia, dada. Kesho nanunua mabati."

Akakata. Nyenze wakanyamaza.

Nyuma yake, karibu sana, sauti kavu ya kizee ikasema: "Leta maji."

Hakugeuka.

"Mtu wa mkono. Maji."

Wiki iliyofuata Kavinya alifika Voi na treni ya alasiri, na masanduku mawili, moja limejaa mapazia. Hakuna aliyempokea. Akaulizia njia mpaka Marungu, na Tryphena ndiye aliyempeleka kwenye ploti. Probox ilikuwa barabarani imefungwa, imeshika vumbi. Kichakani walikuta viatu vya Muinde, vimepangwa vizuri, na simu yake juu, na karai moja la mjengo ambalo hakuna aliyejua limetoka wapi. Kavinya alikaa chini akalia, na sijui alilia nyumba au ndugu. Pesa za miaka kumi na moja zilikuwa pale mbele yake, zimekuwa miiba.

Laki nne zake alirudishiwa, maana Muinde hakuwahi kuzigusa. Amerudi Ujerumani, kwa wazee wale wale.

Simu ya Muinde iko kwenye droo ya polisi, haina hata chaji. Lakini kila Jumapili saa saba mchana Kavinya hutumiwa picha kutoka namba ile. Nyumba ilipata mabati. Ikapakwa rangi. Ikapata mapazia ya kijani yenye maua, yale yale ambayo bado yamo kwenye sanduku lake. Na kwenye kila picha kuna mtu peku, amebeba karai kichwani, nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake anafanya kazi.

Picha ya wiki iliyopita Kavinya alimtumia Tryphena. Nyumba imekwisha, mlango uko wazi. Muinde amesimama mbele yake, anatazama kamera, mdomo umefunguka. Na kando yake, kwenye udongo mwekundu, msingi mwingine umechimbwa, na karai lake linamngoja ukingoni.