Kanzu Nyeupe za Kivukoni

Nina miaka hamsini na kitu, ni mjane, naishi hapa Kindu karibu na mto. Mkinikuta njiani mnanisalimu kwa heshima, mnaniita Mama Asha. Laiti mngejua mnamsalimu nani!

Mume wangu alikuwa Mgenya, mtu wa mto. Yeye na wadogo zake wawili walivusha watu na mizigo ng'ambo ya Lualaba kwa mtumbwi wetu mkubwa. Mimi nilikaa kivukoni kuita wateja. Domo ninalo, Mungu alinijalia!

Lakini wateja wakubwa hawakuja kwetu... Wafanyabiashara waliotoka pwani na wake zao walitupita wakitazama pembeni. Mume wangu na wadogo zake walipiga kafi vifua wazi, kiunoni kipande cha nguo ya gome tu. Niliona aibu. Nani atamkabidhi mkewe kwa watu nusu uchi?

Nikanunua jora la marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, fundi akashona kanzu tatu. Mume wangu aliomba yake iishie magotini, apate nafasi ya kukunja miguu. Nikamjia juu! Kanzu ya magotini ni ya watumwa, nilimwambia. Ikashonwa ndefu mpaka kwenye vifundo.

Na wateja wakaja, jamani! Walituona kwa mbali, weupe tupu, wakawapita wenzetu waliovaa gome. "Hawa njo watu wa adabu," walisema. Mzee Kalenga, jirani yetu wa kivukoni, akabaki kuvusha mbuzi na mihogo. Nilimcheka. Ndiyo, nilimcheka usoni!

Mume wangu hakuacha kulalamika. Kanzu ikilowa inakuwa nzito, inamshika miguu. Kila aliposema hivyo nilimwita mshamba.

Kisha zikaja mvua kubwa. Asubuhi moja mto ulikuwa umefura, rangi ya udongo, unabeba magogo. Bibi mmoja tajiri alitaka kuvuka na binti yake mdogo. Mume wangu akanivuta kando.

"Mama Asha, leo maji iko makali. Acha nivue hii nguo."

"Mbele ya wageni? Unataka waseme sisi washenzi? Kaa nayo, Baba Asha, usinitie haya!"

Alinitazama... Akaingia mtumbwini.

Katikati ya mto gogo likawagonga, mtumbwi ukapinduka! Yule bibi na shemeji zangu waliushikilia. Mume wangu alikuwa mbali kidogo, amemwinua mtoto juu ya maji. Alimshika hivyo hivyo mpaka watu wa mzee Kalenga walipofika na kumpokea. Walipogeuka wamvute na yeye, hayupo!

Mtu aliyejua kuogelea kabla hajajua kusema... azame kivukoni kwake, mkewe anaangalia?

Tulimpata kando ya mto, chini kidogo ya kivuko. Kanzu ilikuwa imemzonga miguu yote miwili. Aliyemleta nyumbani ni mzee Kalenga, yule yule niliyemcheka. Alimlaza mkekani taratibu, akaenda zake. Bora angenitukana!

Watu wakauliza habari ya sanda. Nguo ilikuwapo ndani, ile marekani iliyobaki kwenye jora. Niliitoa mwenyewe. Ilimfunika mpaka vidole vya miguu. Ndefu, kama nilivyotaka.

Binti yangu Asha akiniuliza baba yake alikufaje, namwambia alichukuliwa na mto. Mto! Siku zote nausingizia mto...

Ndugu zangu mnaosoma haya, pambeni kazi zenu, sikatazi. Mteja huanza kwa macho, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Lakini anayeifanya kazi akikwambia nguo hii inanibana, nakuomba, usifikirie watu watasema nini. Mwambie avue. Mimi sikumwambia.