Gauni la Bibi Harusi Lilimkaa Sindano

Gauni la mdogo wangu lilikwama mabegani, na harusi yake ni Jumamosi.

Akavuta. Nikavuta. Zipu ikagoma katikati ya mgongo.

"Dada, hili umenishonea mimi au mtoto?"

Nikamwita Sindano, mwenzangu wa dukani, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake. Naye alikuwa msindikizaji wa bibi harusi.

"Hebu livae wewe tulione," nikamwambia.

Akalivaa... Likamkaa kama ngozi.

Wapendwa, mdogo wangu alimtazama Sindano, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe tuko mabibi harusi wawili."

"Mimi sijui kitu," Sindano akasema.

"Hujui? Kompyuta ya dada anaigusa nani mwingine?"

Hapo nami shetani akanipitia. Vipimo vyote vilikuwa kwenye programu niliyoiandika mwenyewe, tunda la masomo yangu ya jioni, mimi mwenye mvi zangu. Mwalimu anaiita hashi: kabati la majina, na kila jina lina orodha yake. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Niliiombea kabla ya kuiwasha. Ingekosea vipi?

"Sindano, ulibadilisha vipimo?"

"Mama, unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza."

Akavua gauni, akalikunja vizuri, akachukua mkasi wake.

"Ukipata jibu, kwangu unapajua."

Nilishinda nimefunga, nikimwomba Mungu amfichue adui yangu. Jioni nikabeba kompyuta hadi darasani.

Mwalimu, umri wa mwanangu wa mwisho, akafungua jina la mdogo wangu. Kiuno cha Sindano. Akafungua jina la mama mkwe wa bibi harusi, mtu wa kujaza mlango... Kiuno cha Sindano.

"Ulimpima nani mwisho?"

"Sindano."

"Basi ndiyo hiyo, mama. Uliunda orodha moja tu, nje ya mzunguko, ile sehemu inayorudiwa kwa kila mteja. Kila akija mteja, unafuta na kuandika humo humo."

"Lakini kila jina nililiwekea orodha yake."

"Uliliwekea njia ya kwenda kwenye orodha. Njia nyingi, nyumba moja. Utakayemkuta ndani ni aliyeingia mwisho."

Akahamisha mstari mmoja ndani ya mzunguko, ili kila mteja aundiwe orodha mpya. Tukajaribu watu wawili. Kila mmoja akatoka na kiuno chake.

Mstari mmoja, ndugu zangu. Nilitamani kuipiga teke ile kompyuta, kisha nikakumbuka mguu ndio ungenilaumu.

Nikampitia mdogo wangu, tukaenda kwa Sindano na gauni mkononi.

"Umepata jibu?"

"Nimepata. Mkosaji ni mimi. Nisamehe."

Akalipokea gauni. Nikasikia moyo wangu ukienda kama cherehani.

Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe, bibi harusi mwenzangu?"

"Nisamehe, dada."

"Nyoosha mikono nikupime. Na huyu dada yako asiguse kitu."

Bahati nzuri magauni mengine ya harusi hiyo yalikuwa hayajakatwa. Hilo moja tulilifumua, tukaongeza vipande ubavuni. Jumamosi mdogo wangu aliingia anapumua, Sindano nyuma yake ameshika mkia wa gauni.

Niliomba Mungu amfichue adui, naye hakunificha: kila nikifungua ile programu, naona jina la aliyeiandika. Mpendwa, kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, fungua kazi yako kwanza.