Umri wa Kiyoyozi cha Mzee Swalihu

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1996, saa nane mchana. Jua lilikuwa kali. Upepo wa mashariki ulipeperusha vumbi jekundu katika mtaa wa Majengo, mjini Dodoma. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha mwezi wa Aprili.

Katika nyumba ya Shaaban, mlango wa chumba cha uani ulikuwa umefungwa. Ndani alikaa baba yake, Mzee Swalihu, aliyeletwa kutoka Kondoa kwa matibabu ya pumu. Daktari alikuwa amesema jambo moja na kulirudia: mzee asivute vumbi. Kwa hiyo nusu ya dirisha ilizibwa kwa mbao. Katika nusu ya pili kiliwekwa kiyoyozi, ili chumba kilichofungwa kisiwe tanuri.

Siku hiyo kiyoyozi kilinguruma lakini hakikutoa baridi. Mzee alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, akivuta pumzi kwa taabu.

"Batuli," alimwita mkwe wake, "nifungulie mlango."

"Vumbi, baba."

"Najua ni vumbi. Basi nichagulie wewe, mwanangu. Leo nisumbuliwe na vumbi au na joto?"

Batuli alianza kucheka. Alipoona jinsi mabega ya mzee yanavyopanda na kushuka, aliacha. Alilowesha kitambaa, akamwekea shingoni, kisha akatoka nje kumtafuta mumewe.

Shaaban alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amefungua kufuli la sanduku la mabati aliloujengea mgongo wa kiyoyozi ili wezi wasikiguse. Sasa alikuwa amechuchumaa, akichunguza skrubu moja baada ya nyingine.

"Baba Naima, mzee anahema vibaya. Mwite fundi."

"Fundi yupi? Yule aliyeiba gesi?"

"Una hakika aliiba?"

"Alijaza Agosti. Alijaza tena Septemba, tarehe kumi na nne. Leo hakuna kitu. Gesi haionekani kwa macho, Mama Naima. Mtu akikwambia amejaza, utajuaje?"

Shaaban alikuwa mfanyabiashara wa karanga na mahindi. Alinunua kijijini Mlali na kuuza mjini. Tangu serikali ilipofungulia watu binafsi biashara ya mazao, wanunuzi walikuwa wengi na hila zilikuwa nyingi. Aliwahi kukuta mchanga ndani ya karanga na mawe katikati ya mahindi. Kwa hiyo hakununua gunia bila kulichoma kwa bambo, yaani chuma chembamba chenye mfereji, kinachotoa nafaka ya katikati ya gunia. Aliwaamini watu wachache sana. Ruthu, fundi wa majokofu na viyoyozi, hakuwa miongoni mwao. Kwenye kijiwe cha kahawa alikuwa amekwisha kumwita mwizi mara mbili.

"Mpigie simu, au nitakwenda mwenyewe kwa miguu," alisema Batuli.

Shaaban alikwenda dukani kupiga simu.

Ruthu alifika saa tisa, na mkoba wa vifaa begani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyesomea ufundi chuoni.

"Hodi. Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo uone mashine yako. Inaimba tu, haifanyi kazi."

Ruthu aliweka kiganja mbele ya kiyoyozi. Alichomoa chujio na kuliangalia. Lilikuwa safi.

"Nani anasafisha chujio?"

"Mimi," alisema Batuli. "Kila Ijumaa, kama ulivyonifundisha. Nalikung'uta, nalisuuza, nalikausha kivulini."

"Vizuri. Basi tatizo haliko hapa. Twende nyuma."

Nyuma ya nyumba Ruthu alisimama mbele ya sanduku la mabati. Aligusa bati lake, akaondoa kidole haraka.

"Sanduku hili halikuwepo Septemba."

"Nimelijenga baada ya wewe kuondoka," alisema Shaaban. "Wezi ni wengi. Wengine huja mchana, na mkoba."

Ruthu alielekeza kidole nyuma ya mashine. Alisema, "Kiyoyozi huchukua joto la chumbani na kulitupa nje kwa mgongo huu. Umeuziba mgongo. Joto linarudi mlemle. Ni kama mtu anayekimbia akiwa amefunikwa blanketi. Kompresa, yaani pampu yake, inachoka kabla ya wakati."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sehemu ni lako. Sasa tuone nyingine. Zima swichi, kisha chomoa waya ukutani. Sifungui mashine yenye umeme."

Shaaban alichomoa waya. Ruthu alichukua bisibisi, kisha akasita. Juu ya kila skrubu palikuwa na tone jekundu lililokauka.

"Hii ni nini?"

Shaaban alikohoa. Batuli alijibu kwa niaba yake. "Ni rangi yangu ya kucha. Nimeitafuta mwezi mzima. Nilimshuku hata mtoto wa jirani."

"Niliweka alama," alisema Shaaban. "Siku ileile uliyojaza gesi, Septemba. Mtu akifungua skrubu, rangi inavunjika. Nitajua."

"Na imevunjika?"

"Bado."

"Hata moja?"

"Nimeziangalia zote leo. Hata moja."

Ruthu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Baba Naima, tuhesabu pamoja. Nilipoondoka ile Septemba, chumba kilikuwa na baridi au hakikuwa nayo?"

Kabla Shaaban hajajibu, sauti ya Mzee Swalihu ilipenya katikati ya mbao. "Nilijifunika shuka mbili! Mwambie ukweli, Shaaban."

"Kilikuwa na baridi," alikubali Shaaban.

"Basi gesi ilikuwemo. Leo haimo. Na skrubu hazijafunguliwa, kwa ushahidi wako mwenyewe. Gesi imepita wapi?"

Shaaban alitazama matone mekundu. Ulinzi wake wote ulikuwa pale, na ulikuwa unamtetea Ruthu.

"Labda imetumika ikaisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa. Huzunguka ndani ya mabomba, miaka nenda rudi. Ikipungua, pana tundu. Septemba nilikwambia nikipeleke karakana nitafute tundu. Ulikataa kisitoke hapa."

"Niliogopa utabadilisha vipuri."

"Najua. Ndiyo maana leo nitalitafuta hapahapa, mbele yako. Mama Naima, niletee maji ya sabuni."

Ruthu alifungua bodi na kutia gesi kidogo. Kisha alipaka povu la sabuni juu ya mabomba ya shaba kwa brashi, taratibu, kipande kwa kipande. Shaaban aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa bomba.

Kwenye kona moja povu lilivimba. Kipovu kikapasuka. Kikatokea kingine.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Endelea kutazama."

Povu lilivimba mahali pa pili, kisha pa tatu. Ruthu alikwangua bomba kwa ukucha. Lilikuwa limeliwa na kutu ya kijani.

"Naweza kuziba matundu haya," alisema. "Mwezi ujao litatokea jingine, kwa sababu bomba lote limechakaa. Hiki kiyoyozi kina umri gani?"

"Miaka minne. Nilikinunua mwaka tisini na nne kwa binamu yangu Mudrick. Kimetoka Dubai. Kilikuwa kimetumika miaka miwili tu."

"Nani alisema miwili?"

"Mudrick."

"Wewe ulitazama nini?"

"Kilikuwa kinang'aa," alisema Shaaban.

Batuli aligeuza uso ili mumewe asione tabasamu lake.

Ruthu alichovya kitambaa katika mafuta ya kuondolea rangi. Alisugua ubavu wa mashine, mahali palipokuwa na uvimbe wa mstatili. Rangi nyeupe ilitoka. Chini yake kilionekana kibati kidogo cha kiwandani, kimepigiliwa kwa misumari yake ya asili.

"Soma mwenyewe. Usiniamini mimi."

Shaaban alipangusa kibati kwa kidole gumba. Alisoma namba, akafika kwenye mwaka. Akasoma tena.

"Elfu moja mia tisa themanini na moja."

"Miaka kumi na mitano," alisema Ruthu. "Kiyoyozi cha dirishani kikitunzwa vizuri huishi miaka kumi hadi kumi na mitano. Katika vumbi na joto kama la hapa, kinaweza kuchoka mapema zaidi. Unachoma bambo kwenye kila gunia la mkulima usiyemjua. Hiki hukukichoma, kwa sababu muuzaji ni ndugu yako. Kibati hiki ndicho bambo la mashine."

Shaaban alirudisha kidole juu ya mwaka ule. Kisha shaka yake ikainuka tena, kwa mara ya mwisho.

"Sawa. Lakini kila fundi husema nunua kipya. Labda kipya unauza wewe."

"Siuzi. Mimi natengeneza. Ukiweka kipya na kukitunza, hutaniona tena hapa kila mwezi. Nani anapata hasara?"

"Anapata yeye," ilisema sauti ya mzee. "Na mimi napata usingizi. Nunua, Shaaban."

"Nieleze basi, nijue siku nyingine," alisema Shaaban. Aliketi chini, vumbini. "Mtu atajuaje kwamba wakati umefika?"

"Kwanza usikimbilie kununua," alisema Ruthu. "Baridi ikipungua, safisha chujio. Tazama mgongo kama umezibwa na vumbi, gunia au sanduku. Tazama mlango kama unafungika. Mara nyingi ugonjwa ni huo tu. Lakini kama kimepita miaka kumi, na umejaza gesi zaidi ya mara moja katika mwaka, anza kufikiri. Bili ya umeme nayo ni shahidi. Yenu imepanda?"

"Imepanda," alisema Batuli, "na matumizi ni yaleyale. Tulidhani msoma mita anatuonea."

"Mlimshuku naye?"

"Baba Naima alimfuata hadi kona ya mtaa."

Ruthu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mashine iliyochoka hula umeme mwingi na kutoa baridi kidogo. Na jambo la mwisho: gharama ya kutengeneza ikikaribia nusu ya bei ya mashine mpya, na mashine imezeeka, usitengeneze. Utalipa nusu leo, kisha utalipa nzima kesho."

Jua liliposhuka, upepo ulitulia. Usiku huo Mzee Swalihu alihamishiwa sebuleni, palipokuwa na feni, na mashuka yaliyoloweshwa yalitundikwa milangoni kuzuia vumbi.

Jumapili asubuhi Mudrick alikuja kunywa chai. Shaaban alimwonyesha kibati.

"Mimi mwenyewe nilikinunua Dar es Salaam," alisema Mudrick. "Niliambiwa miaka miwili."

"Na rangi? Uliikuta, au ulipaka wewe?"

Mudrick alipuliza chai yake. "Chai ya shemeji ina tangawizi nyingi leo."

"Nimekuuliza rangi, Mudrick."

"Mambo ya zamani hayo, binamu. Tutazame mbele. Kibati tutakifunika tena, tutatia gesi kidogo, na mimi nina mtu Bahi. Anatafuta kiyoyozi kwa ajili ya mama yake."

Shaaban alitazama chumba cha uani, kisha akayatazama mashuka yaliyotundikwa mlangoni mwa sebule. Nyuma yake mzee alikuwa anakohoa.

"Mama yake anaumwa nini?" aliuliza.

"Sikumwuliza."

Shaaban aliingia ndani. Alirudi na kopo la rangi nyekundu, safari hii rangi ya milango. Aliandika pande zote mbili za mashine, kwa herufi kubwa: 1981. KIMEKUFA.

Mudrick hakumaliza chai.

Jumanne Shaaban na Ruthu walikwenda pamoja dukani. Shaaban alisoma kibati kabla ya kuuliza bei. Alidai karatasi ya dhamana yenye tarehe na muhuri. Ruthu alitaja vipimo vya chumba, wakachagua mashine inayokitosha chumba hicho, si kubwa kuliko hitaji. Kisha Shaaban aliomba iwashwe, akasimama mbele yake nusu saa huku saa ikiwa mkononi. Mwenye duka aliuliza kama mteja ana wasiwasi.

"Ninao," alijibu Shaaban. "Washa tu."

Usiku wa Jumanne Mzee Swalihu alilala katika chumba chake. Asubuhi Batuli alimkuta amejifunika shuka mbili, kifua kinapanda na kushuka polepole, hana mluzi wa pumzi.

Baada ya hapo kila mmoja alifanya lake.

Ruthu aliondoa gesi iliyobaki katika mashine ya zamani, akakata kompresa, na kupeleka chuma kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Shaaban alivunja sanduku la mabati. Mahali pake aliweka nondo zenye nafasi pana, zinazozuia mkono wa mwizi lakini hazizuii hewa. Jioni alikwenda kwenye kijiwe cha kahawa. Alisema mbele ya watu walewale kwamba Ruthu hakuiba, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema uongo. Alisema mara mbili, kwa kuwa alikuwa amemtukana mara mbili.

Mudrick hakuonekana Majengo hadi mfungo wa Ramadhani.

Mzee Swalihu aliomba kalamu ya wino, akaandika tarehe ya kununuliwa kwa mashine juu ya mbao za dirisha, ili watakaobaki wasitegemee kumbukumbu ya mtu.

Batuli aliendelea kusafisha chujio kila Ijumaa. Mumewe alimnunulia chupa mpya ya rangi ya kucha. Shaaban aliifungua palepale dukani, akachovya brashi, na kuitazama mwangani kabla ya kukubali.