Kibendera cha Kipanga

Kila Jumamosi asubuhi Kipanga alimsaidia baba yake kukunja mwavuli wa kurukia kutoka ndegeni. Meza ya sebuleni ilisukumwa ukutani, kitambaa kikatandazwa sakafuni, na binti akatambaa kwa magoti akilainisha mikunjo huku baba akihakikisha kamba hazijasokotana. Chai walikunywa wima. Kisha hao, mguu na njia mpaka kiwanja cha ndege ndogo, baba akaruke, binti akashike kibendera.

Jina la Kipanga alipewa kiwanjani kwa sababu ya macho yake makali. Mrukaji aliposhuka, yeye ndiye aliyechomeka kibendera pale kisigino kilipogusa ardhi kwanza. Maana mtu akishagusa huteleza, na hapo kila mmoja hudai alitua katikati! Mkufunzi, mama mmoja asiye na mzaha kazini, alimwamini mtoto huyo kuliko watu wazima.

Baba naye alikuwa na jina lake: Bwana Nusura. Miaka nenda miaka rudi aliitafuta beji ya dhahabu, inayotolewa kwa mrukaji anayetua ndani ya duara dogo la chokaa, mruko baada ya mruko, bila kukosa hata mara moja. Mwenye beji hiyo tu ndiye huruhusiwa kushuka mahali pafinyu, kama uwanja wa mpira uliojaa watu. Kila mara mruko wa mwisho ulimtilia kitumbua chake mchanga. "Bwana Nusura, leo tena?" wenzake walimtania, naye akacheka nao. Nyumbani hakucheka, na utani ule ulimkata maini Kipanga kuliko baba mwenyewe.

Siku ya siku ikafika. Baba alitua vizuri mara zote, ukabaki mruko mmoja. Alipokaribia chini, upepo ukamsukuma kulia, vumbi likatimka. Kipanga aliona waziwazi: kisigino kiligusa nje ya chokaa, upana wa kiganja tu, ndipo baba akateleza ndani. Mkufunzi alikuwa upande wa pili, vumbi limemziba. Kipanga akachomeka kibendera ndani ya duara.

Watu wakapiga makofi. Baba hakushangilia. Alimvuta binti yake kando.

"Mwanangu, nimehisi kama nimechelewa kuvuta kamba ya kushoto. Kisigino kimegusa wapi?"

"Ndani, Baba."

"Una hakika?"

"Ndani kabisa."

Basi baba akamkumbatia, akalia kwa furaha mbele za watu, mtu mzima na ndevu zake.

Haukupita muda, akaalikwa kutua kwenye uwanja wa mpira siku ya fainali. Kipanga alikaa jukwaani, amevaa gauni lake jipya. Upepo ukasukuma kulia. Baba akachelewa kuvuta kamba ya kushoto, vilevile kama siku ile. Akaupita mstari wa kiwanja, akajibamiza kwenye ukuta wa zege. Lo! Umati wote ukasimama.

Nyonga ilivunjika vibaya. Daktari alisema atatembea kwa magongo, lakini kuruka, basi tena. Kipanga chakula hakikupita. Majuto ni mjukuu, na sasa mjukuu huyo alikuwa amekuja, amekaa kifuani mwake.

"Sijui nilikosea wapi," baba alisema siku moja kitandani hospitalini. "Beji ninayo, mikono ninayo. Nilikosea wapi?"

Kipanga akashindwa kuvumilia. "Baba, siku ile ilikuwa nje."

Baba aligeuza uso ukutani. Afadhali angemgombeza! Muuguzi akaja na kuondoka.

"Ulinionea huruma?" aliuliza hatimaye.

"Walikuwa wanakuita Nusura." Machozi yalimtoka Kipanga bila kizuizi.

"Mwanangu, Nusura alikuwa anatembea kwa miguu yake miwili." Baba akainua mkono wa kushoto. "Ungeniambia nje, ningekwenda kuurekebisha mkono wangu huu mzito. Na mimi nina kosa langu. Nilihisi, lakini nikapenda kuamini."

Alipotoka hospitalini walikwenda pamoja kwa mkufunzi. Kipanga mwenyewe aliiweka beji mezani na kusema yote. Mkufunzi aliigeuzageuza vidoleni, machozi yakimlengalenga.

"Hiki ni kipande cha bati tu," alisema. "Kinachomshusha mtu salama ni ukweli. Anayekuonyesha kosa lako ndiye anayekupenda, hata kama siku hiyo utamnunia. Kibendera nitakurudishia siku nitakapokuamini tena."

Siku hiyo ilichelewa sana kufika. Ilipofika, kijana mmoja alikuwa katika mruko wake wa mwisho wa kutafuta beji. Kisigino chake kiligusa nje, kwa upana wa kidole.

"Dada mdogo, tafadhali," alinong'ona, "nihurumie."

Kipanga alichomeka kibendera nje. Kijana akaketi chini, kichwa mikononi, na Kipanga akaenda kwa baba yake aliyekuwa kivulini, magongo yameegemezwa kando.

"Kisigino kimegusa wapi?" baba aliuliza.

"Nje, Baba."

Baba akamtazama yule kijana kwa muda mrefu. "Basi leo atarudi kwao kwa miguu yake," alisema, akanyoosha mkono kutafuta magongo. Kipanga akampa, wakaanza kwenda nyumbani taratibu.