Sauti ya Mamake Mkami

Kiitatembo kilikuwa chombo kisichozidi sufuria ya ugali, kimefungwa chini ya gari la watalii linaloendeshwa kwa umeme wa jua, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumwita tembo kwa jina lake. Tembo huitana kwa ngurumo nzito ambazo sikio la mtu halizipati. Kiitatembo kilizipiga ardhini, na tembo aliyetajwa, hata awe umbali wa kilomita nane, alikuja. Wageni ambao zamani walizunguka Tsavo kutwa nzima wakaambulia vumbi, sasa walibonyeza kitufe.

Wakesho alikuwa na miaka sabini na mitatu, na macho yake yalikuwa yakimuaga kidogo kidogo. Daktari alikuwa amempa miezi michache kabla ya giza. Miaka thelathini nyuma, katika kituo cha ndama yatima wa tembo, alimlea Mkami kwa chupa ya maziwa, akilala naye zizini chini ya blanketi moja na kumwimbia mdomo umefumbwa mpaka apate usingizi. Sasa alitoka Wundanyi amwone mara ya mwisho, basi.

"Dakika kumi tu, mama, na utamshika mkonga," alisema Mwandoe, dereva, kidole kikielekea kwenye kitufe.

"Ngoja kwanza. Kinamwita kwa sauti ya nani?"

"Ya mamake. Ilinaswa kabla majangili hawajamuua. Hiyo haijawahi kukosea."

Wakesho alimkumbuka yule ndama, miezi mitatu, kila jioni akisimama uani kumsikilizia mama asiyerudi.

"Na akifika hufanya nini?"

Mwandoe aliutazama usukani. "Hulizunguka gari. Hunusa huku na huku. Wageni hudhani anawasalimia." Akaondoa kidole kitufeni. "Jana alikuja mara nne."

"Kizime, mwanangu."

"Na macho yako, mama?"

"Nilimbembeleza miezi mitatu asahau. Siwezi kuja leo nikamkumbusha."

Mwandoe alikizima, akaacha kinasasauti chake, kinachonasa ngurumo za tembo ardhini, kisikilize tu. Wakakaa kwenye kivuli cha gari wakinywa chai ya chupa. Wakesho alilia, wala hakujificha.

Kwenye jua la saa nane, spika ikaanza kunguruma, sauti ikiwa imepandishwa hadi sikio la mtu liipate. "Ndiye huyo, nyuma ya kilima kile," alisema Mwandoe. "Anambembeleza ndama wake."

Ngurumo ilipanda mara mbili, ikashuka, ikakatika, kisha ikaanza upya. Wakesho aliweka kikombe chini. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe wa zizini. Pale ulipokatika ndipo yeye, kwa uchovu wa kukesha zizini, alipokuwa akipiga mwayo. Hata mwayo Mkami hakuuacha.

"Tusogee karibu?" aliuliza Mwandoe.

"Hapana, mwanangu," Wakesho alinong'ona. "Kuna mtoto analazwa."