Namba ya Cheti Iliyomponza Rozi

Maneno yalimganda Rozi kama shombo: eti Gideon, mchumba wake, mnunuzi wa samaki huko visiwani Muleba, anatumia cheti feki.

Walikutana soko la Bukoba. Rozi kavaa kitenge cha njano, Gideon akamshangaa hadi akapiga teke beseni la muuza senene, panzi wale wakamwagika.

"Dada, umenitia hasara."

"Macho yako ndiyo yamekutia hasara. Okota."

Tangu hapo, simu kila asubuhi.

Rozi alikuwa karani wa ofisi ya wanunuzi wa samaki, kata ya Bakoba mjini Bukoba. Kila mnunuzi alikuwa na cheti cha kidijitali kwenye simu, cha kusainia vibali, na kila cheti na namba yake yenye tarakimu zaidi ya arobaini. Rozi alizinakili kwenye jedwali la kompyuta. Siku ya ukaguzi akalinganisha ya Gideon na ile ya kwenye simu ya Gideon mwenyewe. Hazikulingana. Jedwalini mwisho ulikuwa sifuri tupu.

"Tapeli huyo," akasema Ishengoma, mkubwa wake, akichokonoa meno na kutema sakafuni. "Mfute kwenye orodha."

Mchana huohuo Ishengoma, huku akila, akautangazia mji mzima. Rozi akamfuta Gideon, akampigia simu.

"Usilete wazee wako kwetu Kashozi. Posa imekufa."

"Rozi, mpenzi, angalia tena."

"Nimeona kwa macho yangu. Na mpenzi usiniite."

Bila cheti, samaki wa Gideon walikaa siku mbili mwaloni, ufukweni wanakoshushwa, wakaoza. Akaja ofisini akinuka uozo, inzi wakimfuata.

"Sikuombi kitu. Angalia za wenzangu."

Akaangalia. Zote ziliishia na sifuri. Kompyuta ilizidhani hesabu. Ikashika tarakimu kumi na tano za mwanzo, zilizobaki ikazigeuza sifuri. Rozi akageuza safu kuwa maandishi, akanakili upya. Namba ya Gideon ikatokea nzima, sawasawa na ya simu.

"Kumbe kompyuta," Ishengoma akacheka, mchuzi kidevuni. Rozi akamgeukia Gideon.

"Nisamehe, Gide."

"Cheti nirudishie. Mengine, hapana. Umenifuta hata hujaniuliza, Rozi. Nikikuoa, si nitafutwa kila wiki?"

Akapanda gari la Muleba. Simu yake haipokelewi mpaka leo.

Binti zangu, epukeni:
Kuingiza namba ya cheti kama hesabu. Iwe maandishi, tangu mwanzo.
Kukagua ya mmoja mkaacha za wengine.
Kuvunja posa kwa simu.
Wakubwa wa kazi wanaocheka wakila.