Darasa Lililoitikia Ndiyo

Mwalimu Sengdao alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke chuoni. Kila asubuhi alilifundisha darasa la tatu hesabu za kutoa, mpaka sauti ikamkauka. Mwishoni aliuliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" watoto thelathini waliitikia kwa pamoja, mikono wameikunja juu ya madawati.

Sengdao akaona kazi ni nyepesi. Kisha akawapa jaribio, na watoto ishirini na wawili wakafeli.

Jioni ile Bounthan, baba wa mwanafunzi wake Noy, alimsimamisha njiani.

"Samahani, mwalimu," alisema kwa upole. "Noy alirudia darasa mwaka jana. Akifeli tena mtihani wa mwezi ujao, atabaki nyumbani achunge nyati wetu wa kulimia."

Noy alikuwa msichana msikivu kuliko wote darasani. Sengdao alimwonea huruma, na yeye mwenyewe akaona aibu.

Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, Mama Khampheng, aliyefundisha miaka ishirini na sita. Alimkuta akipika wali wa kunata.

"Mama, watoto hawa wananidanganya! Nawauliza kama wameelewa, wanasema ndiyo."

Mama Khampheng akacheka. "Hebu niambie, mwanangu. Ulipokuwa mdogo, uliwahi kumwambia mwalimu hujaelewa?"

"Mimi? Thubutu! Ningemwaibisha mbele ya watu. Angeonekana hajui kufundisha."

"Haya. Sasa unataka Noy akuaibishe wewe?"

Sengdao akatikisa kichwa.

"Hawakudanganyi, wanakuheshimu," alisema Mama Khampheng. "Acha kuwauliza kama wameelewa. Wape hesabu moja, kila mtu aandike jibu kwenye kibao chake, wainue wote kwa mpigo. Utaona mwenyewe. Na mtoto akikosea, usimgombeze. Muulize jibu amelipataje. Sasa kaa ule, umekonda kama chaki."

Kesho yake Sengdao aliandika ubaoni 52 − 27.

"Andikeni. Haya, vibao juu!"

Vibao kumi na tisa vilikuwa na 35. Sengdao hakugomba. Akainama karibu na Noy.

"Hebu nieleze, hii 35 umeipataje?"

"Saba haitoki kwenye mbili, mwalimu," Noy alinong'ona. "Kwa hiyo nimeanza na saba, nikatoa mbili."

Kumbe kosa lilikuwa hapo! Sengdao akaleta vijiti vya mianzi. Akafunga mafungu matano ya kumi kumi, akabakiza vijiti viwili.

"Hivi ni hamsini na viwili. Nataka vijiti saba, na hapa vipo viwili tu. Tufanyeje?"

"Tufungue fungu moja!" alisema Noy, safari hii kwa sauti.

Tangu siku hiyo vibao viliinuliwa katika kila somo. Mtihani ulipofika, watoto ishirini na sita walifaulu, Noy akiwemo. Bounthan akawachunga nyati mwenyewe, huku akinung'unika kidogo.

Wiki iliyofuata Sengdao alianza hesabu za kugawanya. Alipomaliza kueleza, akajisahau. "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Mkono mmoja ukanyooka.

"Mwalimu," alisema Noy, "mimi bado."

Darasa lote likamgeukia. Sengdao alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Asante, Noy. Nani mwingine bado?"

Mikono kumi na mmoja ikapanda.